Plagi za Beetle ya injini ya upepo: isiyotoka, isiyoshika na isiyochoma

Injini ya Volkswagen Beetle haina rejeta wala maji. Feni inasukuma upepo kati ya mapezi ya silinda, oili inabeba joto linalobaki, basi. Ubora huo ndio uliolifanya gari hili livumilie barabara za vumbi za Afrika Mashariki na kushinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Lakini plagi zake, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, zinataka mkono mwangalifu. Hedi, yaani vichwa vya silinda, ni za aloi laini, na tundu la plagi lina urefu wa milimita 12.7 tu za hesi (mikunjo ya kukazia, kama ya skrubu), tena mahali penye joto kali kuliko pote. Plagi ikiharibika unanunua nyingine leo hii. Hesi za hedi zikiharibika, mara nyingi injini inashuka chini. Kwa hiyo katika kila tatizo nitakaloeleza, tundu linalindwa kwanza na plagi inafuata.

Maelezo haya ni ya injini za 1200, 1300, 1500 na 1600, zile zenye feni iliyosimama wima nyuma, iwe kwenye Beetle au kwenye Kombi.

Kabla ya kufungua

Simama nyuma ya gari ukitazama mbele. Kulia, silinda iliyo mbali nawe ni ya 1 na iliyo karibu nawe ni ya 2. Kushoto, ya mbali ni ya 3 na ya karibu ni ya 4. Andika namba kwenye kila waya kwa kipande cha plasta kabla hujaichomoa, na uchomoe kwa kushika kofia, usivute waya wenyewe.

Injini iwe imepoa kabisa. Plagi ya chuma na hedi ya aloi hazitanuki sawasawa, na aloi ikiwa ya moto hesi zake hulainika zikang'oka pamoja na plagi.

Halafu puliza vumbi. Hili watu wengi wanaliruka, na ndilo linaloua injini polepole. Plagi za Beetle zinaingilia juu ya hedi, kwenye shimo ambalo mchanga umekaa tangu safari ya mwisho. Ukifungua bila kupuliza, mchanga huo unaangukia ndani ya silinda na kukwangua kuta. Kama huna kompresa, pampu ya baiskeli inatosha. Fungua plagi mzunguko mmoja, puliza tena, ndipo uitoe.

Soketi ya plagi ni ya milimita 21 na iwe na mpira ndani wa kushika kauri, ile sehemu nyeupe ya plagi. Za 1 na 3 zimejificha upande wa mbele wa injini. Kama gari lako lina mipira mikubwa ya kupeleka upepo kwenye hita, iondoe upate nafasi. Kazi ya dakika mbili hiyo, nayo inakuepusha na kuinamisha soketi pembeni. Soketi iliyoinama ndiyo inayovunja kauri.

Plagi haitaki kutoka

Sababu huwa mojawapo ya tatu: ilikazwa kupita kiasi, imekaa miaka bila kufunguliwa, au masizi yamejaa kwenye hesi zilizochungulia ndani ya chumba cha mwako.

Usiongeze bomba kwenye mkono wa spana. Mimina oili ya kupenya kuizunguka plagi, iache usiku kucha, kesho yake jaribu tena. Ikisogea robo mzunguko, simama. Weka oili tena, irudishe ndani kidogo, itoe tena, hivyo hivyo mbele na nyuma. Kila ukirudisha, masizi yanasagika badala ya kuburuta hesi. Ikikataa katakata, washa injini hadi hedi iwe vuguvugu, kiasi cha kuweza kuishika kwa kiganja bila kuungua, kisha ujaribu. Vuguvugu tu. Hapo aloi inatanuka zaidi kidogo kuliko chuma na mshiko unalegea, lakini bado haijalainika.

Ukiona plagi inatoka huku ikiwa nzito mwanzo hadi mwisho, na kwenye hesi zake kuna vipande vya kung'aa, hiyo ni aloi ya hedi yako. Usirudishe plagi yoyote kabla hujaangalia tundu kwa tochi.

Mara nyingine tundu ni zima ila kuna aliyefunga plagi ya hesi ndefu, milimita 19. Hesi zilizozidi huning'inia ndani ya chumba cha mwako, zinapata masizi magumu, na siku ya kutoa zinakwangua tundu zima. Plagi ndefu inaweza hata kugongwa na pistoni. Ukikuta plagi imebanwa pengo lote la cheche, elektrodi (kile kichuma cha nchani) imelala, fikiria hilo kwanza kabla ya jambo jingine lolote.

Kauri ikivunjika ukiwa unafungua, acha mara moja. Puliza na kunyonya vipande vyote vilivyo shimoni wakati mwili wa plagi bado umeziba tundu, ndipo uendelee. Kipande kikishaingia ndani, usizungushe injini hata kidogo. Funga mpira mwembamba kwenye mashine ya kunyonya vumbi, upenyeze tunduni, ukitoe.

Plagi mpya haishiki, au inazunguka bila kukaza

Hapa mkono una akili kuliko spana. Chukua kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa kama sentimita 20, kichomeke kwenye ncha ya kauri, shusha plagi tunduni, uizungushe kwa vidole. Kwanza izungushe kinyume, kama unafungua, hadi uhisi imedondoka kidogo: hapo mwanzo wa hesi umekutana na mwanzo wa hesi. Sasa funga. Ikienda mrama, mpira utateleza wenyewe kabla hesi hazijaumia. Soketi yenye mkono mrefu haiwezi kukupa onyo hilo.

Plagi lazima iingie kwa vidole hadi ringi yake ikae kwenye hedi. Ikikwama katikati, itoe. Huenda kuna masizi kwenye hesi za tundu, na tiba yake ni tapu (chombo cha kuchonga hesi) ya kusafishia ya M14×1.25 iliyopakwa grisi mashavuni ili uchafu unate. Ikiwa tapu yenyewe inayumba au inakula upande mmoja, hesi zimeshapotoka.

Ikishakaa kwa vidole, plagi mpya yenye ringi mpya inaongezwa nusu mzunguko hivi kwa spana, ili ringi ijibane. Iliyokwisha kutumika, ringi yake imeshalala, kwa hiyo inaongezwa kidogo sana, kama sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko. Mwenye toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, akae kwenye Nm 25 hadi 30. Wapo wanaopaka dawa ya kuzuia kung'ang'ania kwenye hesi. Sikatazi, lakini iwe kiasi cha kubaki kwenye ncha ya kidole, isifike mwisho wa plagi, na ukipaka punguza nguvu ya kukaza, kwa sababu hesi zenye utelezi hukubali kukazwa kupita kiasi bila wewe kujua. Grisi ya beringi usiweke kabisa.

Ikizunguka bila mwisho, hesi zimekwisha. Wakati mwingine dalili huja kabla: kwenye mlima unasikia injini ikipumua kwa sauti ya "chaf-chaf", na ukifungua boneti la nyuma unakuta masizi yamezunguka plagi moja. Ikiachwa hivyo, iko siku plagi itaruka ikiwa na waya wake. Tiba ya kweli ni kutoboa na kuweka hesi mpya za chuma, aina ya Helicoil au, bora zaidi, bushi nzima kama Time-Sert, yenye urefu uleule wa 12.7. Mafundi wapo wanaoifanya injini ikiwa ndani ya gari, kwa tapu yenye grisi na kupuliza vipande vitoke. Mimi napendelea hedi itolewe, kwa sababu chembe moja ya chuma ikibaki juu ya pistoni utalipa mara mbili. Gundi ya chuma, uzi wa shaba, plagi iliyozungushiwa bati: yote hayo ni kuahirisha tatizo, na joto la mahali pale linayashinda ndani ya muda mfupi.

Zikishatoka, zisome

Zipange kwenye ubao kwa mpangilio wa silinda, 1 hadi 4. Plagi nne kwa pamoja zinaeleza zaidi ya moja moja. Jambo moja la kukumbuka: vitabu vya zamani vinasema plagi nzuri ni ya kahawia kama kahawa ya maziwa. Rangi ile ilitokana kwa sehemu kubwa na petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa petroli ya leo, kauri yenye kijivu chepesi au rangi ya mchanga ni nzuri tu. Usibadilishe jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, ukitafuta kahawia ya mwaka 1968.

*Zote nne nyeusi, kavu, masizi ya kupanguka kwa kidole.* Mchanganyiko una petroli nyingi. Anza na choki: kwenye kabureta nyingi za Solex choki ni ya umeme, na waya wake ukikatika au kuchomoka, kibao hakifunguki hata injini ikipata joto. Kisha chujio la hewa, kisha nidili na boya la kabureta. Nusa dipstiki. Ikinuka petroli, badilisha oili kabla ya kuendesha, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Mwinuko nao una neno. Beetle lililorekebishwa Dar es Salaam au Mombasa likihamia Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, linakutana na hewa nyepesi wakati jeti ni zilezile, na plagi zinaanza kuvaa masizi bila kitu chochote kuharibika. Kinyume chake ni hatari zaidi: gari lililopunguziwa jeti bara, likishuka pwani linaenda na petroli chache, na injini ya upepo haina maji ya kuiokoa.

*Zote nyeusi na injini huendeshwa mwendo mfupi tu, nyumbani hadi dukani.* Huenda hakuna ugonjwa. Plagi hujisafisha zikipata joto la kutosha. Liendeshe nusu saa barabara kuu, kisha zisome upya.

*Nyeusi na zinang'aa kwa oili.* Oili inapita kwenye ringi za pistoni au kwenye gaidi za valvu. Moja ikiwa hivyo, shida iko kwenye silinda hiyo, na zote nne zikiwa hivyo injini imechoka. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, plagi zote zikiwa nje na kanyagio la mafuta limekanyagwa hadi chini. Injini nzima itatoa kama bar 7 hadi 9, lakini mimi naangalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Wengi hupima mara ya pili baada ya kumimina kijiko cha oili ndani, ikipanda wanasema ni ringi. Kwa Beetle kipimo hicho usikiamini sana: silinda zimelala, oili inatuama upande wa chini na haizungushi ringi yote. Na moshi mchache wa bluu asubuhi, baada ya gari kulala kwenye mteremko, unatokana na kulala huko huko kwa silinda. Ukiisha kwa dakika moja, usikufanye ufungue injini.

*Nyeupe kama chokaa, ncha zimelika.* Joto limezidi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo dalili inayotangulia hedi kupasuka na valvu kukatika.

Angalia ni zipi. Mbili za upande mmoja zikiwa nyeupe, 1 na 2 au 3 na 4, kuna hewa inayoingilia upande huo baada ya kabureta. Kwenye hedi zenye njia mbili za hewa, tazama mipira inayounganisha bomba la katikati na ya pembeni, hupasuka kwa umri. Ya 3 peke yake ikiwa nyeupe, chanzo kinaweza kuwa ni muundo wenyewe: kwenye injini za zamani kipoza oili kimewekwa ndani ya bati la feni, na kinazuia sehemu ya upepo wa silinda hiyo. Volkswagen walilijua hili. Walichelewesha cheche ya silinda ya 3 kidogo kwenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), na kuanzia magari ya mwaka 1971 wakakisogeza kipoza hicho nje na kukipa njia yake. Kwa mwenye injini ya zamani, usafi wa mapezi ya kipoza na mabati ya upepo siyo urembo.

Zote nne zikiwa nyeupe, tafuta taiming (wakati wa cheche) iliyotangulia mno, petroli chache, mkanda wa feni uliolegea, au plagi za moto kupita kiasi, zile zisizopunguza joto lake haraka. Na kagua vile vimpira vya duara vinavyokaa kwenye kofia za plagi. Watu wanavitupa wakidhani ni vya kuzuia vumbi. Kazi yake ni kuziba tundu kwenye bati ili upepo wa feni usivuje hapo. Vinne vikikosekana, injini inapoteza upepo mahali penye joto zaidi.

Ukiona vitone vidogo vya kung'aa vimenata kwenye kauri, au elektrodi ya katikati imeyeyuka, usiendeshe gari. Vitone hivyo ni pistoni inayoliwa.

*Moja ina petroli mbichi, nyingine kavu na safi.* Silinda hiyo haichomi. Kabla ya kulaumu plagi, ihamishie silinda nyingine. Ugonjwa ukiifuata, ni plagi. Ukibaki palepale, ni waya, kofia, au kompresheni. Na kompresheni ya Beetle mara nyingi hupotea kwa valvu zilizokazwa mno: nafasi yake ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi kwa nyingi za injini hizi.

Kununua nyingine

Soma herufi. Kwenye NGK, B6HS ina H, maana yake hesi za 12.7. Ukiuziwa BP6ES, ile E ni 19, rudisha. Namba ya katikati ni joto, na hapa watu wanakosea sana: NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, Bosch namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Kwa Beetle la kawaida, NGK B5HS au B6HS, au Bosch W8AC, zinakaa vizuri. Hedi za kisasa zilizotengenezwa kama mbadala ziko zenye tundu refu, kwa hiyo pima hesi za plagi iliyotoka kwa rula kabla ya kwenda dukani.

Plagi bandia zimejaa. Tazama kama elektrodi ya katikati iko katikati kweli, kama maandishi kwenye kauri yamenyooka, kama ringi imeshikwa au inadondoka ukiigeuza. Ukiwa na shaka, iache.

Pengo pima mwenyewe kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi), hata kama boksi linasema limepimwa tayari: milimita 0.6 hadi 0.7. Mfumo wa pointi na koili ya zamani hauna nguvu ya kuruka pengo la 1.1 la magari ya leo. Gonga elektrodi ya pembeni tu, ya katikati usiiguse. Kusafisha plagi ya zamani kwa brashi ya chuma nako kuna hasara: brashi huacha michirizi ya chuma kwenye kauri, na umeme unapita humo badala ya kuruka.

Plagi ni mpya, gari linamisi (silinda inaruka zamu ya kuchoma) au haliwaki

Lilikuwa linawaka kabla hujaanza? Basi kosa liko ulipogusa. Mpangilio wa kuchoma ni 1-4-3-2, na rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, inakwenda kama mshale wa saa. Kwenye ukingo wa distribyuta kuna alama ya mkwaruzo: rota ikielekea hapo, ni zamu ya silinda ya 1. Anzia hapo uhesabu. Ukibadilisha waya wa 3 na 4, gari linawaka ila linatetemeka na kupiga mlio kwenye ekzosi. Hakikisha pia kofia zimebofya hadi mwisho. Ile ya silinda ya 3, kwa vile huioni vizuri, ndiyo inayobaki juu juu.

Hakuna cheche popote: toa kofia ya distribyuta, tazama pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) zinafunguka, nafasi milimita 0.4. Zikiwa zimeungua na cheche ni dhaifu, shuku kondensa. Kisha pima rota. Rota nyingi za Beetle zina rezista ndani ya kama ohm 5,000, na ikikatika unaweza kubadilisha plagi, koili na waya zote bila faida. Kofia za plagi nazo zina kama ohm 1,000 kila moja. Yenye kusoma mbali sana na wenzake, itupe. Unapojaribu cheche, laza plagi kwenye chuma cha injini mbali na tundu lililo wazi, maana mvuke wa petroli unaotoka humo unashika moto, na ushike waya kwa koleo lenye mpira.

Linamisi kwenye mlima tu, tambarare liko sawa: silinda ikijaa, umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka pengo. Pengo limepanuka, kauri ina ufa, au waya unavuja. Subiri usiku, washa injini gizani kwenye silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, mtu mwingine aongeze mafuta taratibu. Waya unaovuja utauona ukitoa mistari ya bluu kuelekea kwenye bati. Linalomisi asubuhi za unyevu na kupona jua likitoka lina tatizo hilohilo, au ufa kwenye kifuniko cha distribyuta. Kifute, ukikague ndani kwa tochi, utafute mstari mwembamba mweusi kati ya vituo viwili.

Likishatulia, liendeshe hadi lipate joto, liache lipoe kabisa, kisha gusa kila plagi kwa spana bila kuikaza upya. Iliyolegea utaihisi. Ikiwa ni ileile ya tundu ulilokuwa na shaka nalo, panga kuweka bushi kabla ya safari ndefu.